Waraka kwa Ndugu Muuza Hedi za Mtumba

Ndugu yangu wa Gerezani,

Mimi ni fundi wa mashine. Hedi za injini unazouza huishia mezani pangu. Kwa hiyo unanilisha, na naandika kwa shukrani.

Kwanza hongera kwa rangi ya fedha. Hedi ya injini ya 1KZ niliyoletewa juzi iling'aa kuliko ilivyotoka kiwandani. Nilipoipitisha tina, ukajitokeza ufa mwembamba kati ya valvu ya kuingiza na ya kutoa. Hedi hizi za aluminiamu zinajulikana kupasuka hapo injini ikichemsha. Wewe unalijua hilo kuliko mimi, maana hapo ndipo rangi ilipokuwa nene zaidi.

Ukamwambia mteja matundu ya hewa yamepigwa msasa, gari litavuta. Hewa, ndugu yangu, haivutiwi na mng'ao. Inabanwa kule ndani, shingoni karibu na kiti cha valvu, kwenye kona ya kushukia silinda. Msasa wako uliishia pale kidole kinapofika. Wenye mashine ya kupimia upepo huvuta hewa kwa shinikizo la inchi 28 za maji, wakalinganisha tundu kwa tundu. Sisi tusio nayo tunafungua valvu, tunakwangua masizi na kutazama kama viti vimeliwa. Vyako vimeliwa, valvu zimezama, na dizeli ya namna hiyo asubuhi huwaka kwa kubembelezwa.

Halafu lile la "imechongwa, imenyooka". Ni kweli: chini ya rula ya chuma, fila ya kupimia mwanya, ya 0.05 mm, haikupita. Lakini hedi ikipikwa hupinda chini na juu. Umenyoosha tumbo, mgongo umebaki na kibiongo. Nililaza kemshafti bila tapeti, nikafunga kepu zake; ikagoma kuzunguka kwa mkono. Ingefungwa hivyo, ingekatika.

Ombi langu ni dogo. Uza hedi ikiwa na uchafu wake, na kabla hujapokea hela mruhusu mteja ailete ipimwe: tunaziba njia za maji, tunajaza upepo, tunaizamisha kwenye maji ya moto. Povu likitoka, inarudi kwako. Ikipona, pandisha bei; sitakulaumu.

Mwenye 1KZ atapita kwako Jumatatu na mzigo wake. Mpokee vizuri. Ana mwili mkubwa, ila ni mpole.

Wako,
Fundi wa mashine