Mwajiriwa wa Chuo Kikuu

Chuo ninachosomea sitakitaja jina. Cheti changu bado kiko kwao, na wahenga walituonya tusitukane wakunga na uzazi ungalipo. Itoshe kwamba kiko upande huu wa Mlima Kenya, huku kwetu kati ya Embu na Meru, ambako vyuo vikuu vimeota kwa kasi ya kushangaza. Nilipozaliwa hapakuwa na hata kimoja chenye hati ya serikali. Methodist pale Kaaga ilipewa yake mwaka 2006, Chuka na Meru 2013, Embu 2016. Matawi na vyuo vya kati sihesabu. Elimu ya juu imetufikia mlangoni. Iliyobaki njiani ni pesa ya chakula.

Ndiyo maana makomredi tulilisonga lile tangazo ubaoni. Chuo kinatafuta wanafunzi wa kufanya kazi saa chache kwa wiki: kufuta vumbi kwenye rafu za maktaba, kupanga viti ukumbini, kumwagilia miche. Wanaotakiwa, likasema, ni wanafunzi wenye uhitaji. Kisha likaorodhesha vitu ambavyo mwenye uhitaji hana. Matokeo ya muhula uliopita, picha za pasipoti, barua ya mhadhiri, barua ya chifu, cheti cha PIN ya KRA, kila karatasi nakala tatu, na mwenye mashine ya fotokopi pale getini hapunguzii mtu bei kwa sababu ya uhitaji. Juu ya hayo, uwe umelipa karo ya kutosha kusajiliwa muhula huu. Yaani kazi ya kukusaidia kulipa karo hupewi mpaka ulipe karo.

Nilimwuliza karani. Akanijibu kwa upole, “Kijana, mimi situngi masharti, mimi napokea fomu.” Kisha akakataa kupokea yangu kwa kuwa nilikuwa nimeijaza kwa wino wa buluu.

Hiyo PIN ya kodi nayo ina mambo yake. Ukishakuwa nayo, sheria inakutaka ifikapo tarehe 30 Juni kila mwaka uwe umeiarifu serikali ulipata kiasi gani, hata kama hukupata kitu. Ukichelewa kusema hukupata kitu, faini ni shilingi 2,000. Nimekuwa mwangalifu sana na tarehe hiyo. Sina hakika kuna mtu mwingine nchini anayenitaka nimletee habari zangu kwa bidii hiyo.

Lakini iliyonimaliza ni barua ya chifu. Chifu lazima awe wa nyumbani, na nyumbani ni Igembe, mbele ya Maua. Kwa hiyo nikakopa nauli nikapanda matatu kuelekea kaskazini. Tulipokaribia daraja la Nithi, lile la ajali, abiria wakanyamaza wote, kama kawaida, hata yule kijana wa nyuma aliyekuwa akitukana timu yake tangu tutoke stendi. Tukapita Nkubu, tukavuka ikweta kabla ya kuingia mjini Meru. Tafadhali lizingatie hilo. Nilitoka nusu moja ya dunia nikaingia nusu ya pili kutafuta karatasi ya kuthibitisha kwamba sina pesa.

Mama akasisitiza twende wote kwa chifu. Akavaa sare yake ya umoja wa wanawake wa kanisa, iliyopigwa pasi ikanyooka, na kitambaa cheupe kichwani. Akabeba mkungu wa ndizi. Mimi akanipa jogoo.

“Haya, mama, niandike nini?” chifu akauliza.

“Andika hatuna kitu, chifu,” mama akasema. “Na hizi ndizi ni zako. Na huyu jogoo.”

Chifu akamtazama mama, akamtazama jogoo. Jogoo alikuwa mnono. Akauliza kama sisi si watu wa miraa, na tangu lini mtu wa miraa akakosa karo. Hapo mama akawa mhadhiri. Akamkumbusha kwamba Uingereza ilifunga mlango wake mwaka 2014, kwamba Somalia nayo ilifunga wake 2020 na haikuufungua hadi 2022, na kwamba miti ya baba iko palepale, mizuri tu, ila ofisi ya karo haipokei mabunda. Chifu akaandika. Aliandika kwamba mimi natoka “familia yenye heshima na ukarimu mkubwa”. Uhitaji ukapewa mstari mmoja, chini kabisa, karibu na muhuri.

Halafu kukawa na usaili. Watu wazima wanne nyuma ya meza ndefu, maji ya chupa mbele ya kila mmoja, kumhoji mtu wa kufuta vumbi. Wa kwanza alitaka kujua najiona wapi miaka mitano ijayo. Kazi yenyewe ni ya muhula mmoja. Nikasema najiona nimehitimu, Mungu akipenda, na wote wakaandika. Wa pili akauliza nina uzoefu gani wa usafi. Nikamwambia nimelelewa na mama yangu, na kwetu uwanja hufagiliwa kabla jua halijatoka, na ukiacha jani moja unaanza upya. Akauliza kama nina cheti.

Nikapata. Sijui ni ile barua au ni yule jogoo aliyeniombea alikokwenda. Nimefuta vumbi maktaba nzima, kuanzia sheria hadi kilimo, na naweza kukuambia ni vitabu gani huku havijafunguliwa tangu vinunuliwe. Wanafalsafa wana vumbi la kilo.

Mshahara? Saa zako zinaandikwa kwenye karatasi, karatasi inasainiwa na msimamizi, na msimamizi yuko semina Naivasha. Akirudi Naivasha kuna nyingine Mombasa. Na hata akisaini, pesa haiji mkononi. Inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya karo. Nafungua simu, naona deni langu limepungua kidogo mno, nafunga simu, nakwenda kukopa chapo madondo.

Mwenzangu wa chumbani ni Mmbeere. Yeye Jumamosi anakwenda Kiritiri kuchuma muguka, binamu wa miraa. Usaili wake ni kuonyesha vidole. Hakuna chifu, hakuna fotokopi. Jua likizama analipwa taslimu, na akichelewa kurudi ni kwa sababu amepitia nyama choma. Mei 2024 gavana wa Mombasa alipopiga marufuku muguka kaunti yake, jamaa alikosa usingizi. Basi viongozi wa Embu wakaja juu, Mahakama Kuu hapa Embu ikaisimamisha amri ile, na Rais mwenyewe akasema haina nguvu. Nchi nzima ilitikisika ili mtu huyu asipoteze Jumamosi yake. Msimamizi wangu kukaa Naivasha hakujapelekwa mahakama yoyote.

Baya zaidi, mama ametangaza kanisani kwamba nimeajiriwa na chuo kikuu. Hakusema uongo. Sasa binamu zangu, ambao hawakuwa na namba yangu, wananipigia kunijulia hali, na hali yangu ikishajulikana wanaomba ya unga. Wiki jana kundi la ukoo kwenye WhatsApp lilitoa orodha ya mchango wa harusi. Wakulima, elfu moja. Wa bodaboda, mia tano. Kisha peke yangu, kwa herufi kubwa: MWAJIRIWA WA CHUO KIKUU, ELFU TATU. Nikaandika kuuliza kama wanaweza kuzipokea kutoka akaunti yangu ya karo. Mweka hazina amesoma, alama zote mbili zimegeuka buluu, na badala ya kunijibu amenifanya mwenyekiti wa kamati ya usafiri.