Mheshimiwa Waziri, Tufungie Shule

Kwa Waziri wa Elimu,
Jogoo House, Nairobi.

YAH: OMBI LA KUFUNGIWA SHULE ZA SEKONDARI ZA KIEMBENI

Mheshimiwa,

Nakuandikia kutoka Kiembeni, Kisauni, kaunti ya Mombasa. Najua barua zinazokufikia huomba walimu, madawati, vyoo na basari. Yangu haitakugharimu hivyo. Naomba kufuli tu.

Naliomba kwa kuwa mimi ni mtu wa kufuata sheria. Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010, ile tuliyoizoea kwa jina la Mututho, inataka baa iwe umbali wa mita 300 au zaidi kutoka shuleni. Kanuni za NEMA, mamlaka ya mazingira, za mwaka 2009 nazo zimeiweka shule katika maeneo ya kimya: desibeli 40 mchana, 35 usiku. Desibeli 35 ni sauti ya watu kunong'ona. Huku kwetu didjei akijaribu maikrofoni tu, kabla hata hajaweka wimbo, kanuni nzima imeshachanika.

Sasa fikiria nani ahame. Baa ina leseni, ina wateja wazito, na ikiguswa husemewa na watu wenye namba za simu za wakubwa. Shule ina mwalimu mkuu na deni la chaki. Ukiifunga shule, mita 300 zinakosa pa kupimiwa, baa inakuwa halali usiku huohuo, na eneo la kimya linafutika kwenye ramani. Kwa kufuli moja, sheria mbili zitakuwa zimetekelezwa kikamilifu. Sijui wizara gani nyingine inaweza kujivunia hivyo.

Wala usiseme wazo hili ni geni, maana serikali ilikwisha kulifanyia majaribio. Tarehe 15 Machi 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa shule kwa ajili ya korona, na baa zikafuata. Zilipofika siku za kufungua, tarehe 28 Septemba baa zilipewa ruhusa. Kidato cha nne kikarudi darasani tarehe 12 Oktoba. Kidato cha kwanza, cha pili na cha tatu vikangoja hadi tarehe 4 Januari 2021. Hapa Mombasa, Tononoka na Star of the Sea zilifunguliwa, kisha zikafungwa tena mwezi huohuo wa Oktoba baada ya walimu kupatikana na virusi. Tuliokuwa na watoto nyumbani tulijifunza kwamba kirusi kinajua kutofautisha dawati na kaunta, na kwamba kaunta hukiogopesha zaidi.

Watoto nao hawakukaa bure, na hawakai bure hadi leo. Mwanafunzi wa kutwa hana ukumbi wa prepu; prepu yake ni meza ya jikoni. Saa mbili usiku anafungua kitabu cha Kemia, besi inaingia dirishani, vikombe vinacheza kabatini. Asubuhi ukimwuliza elementi za jedwali anakutajia haidrojeni, heliamu, lithiamu, halafu anamalizia kwa kiitikio. Anakijua chote, pamoja na pale didjei anapowasalimu waliokaa meza ya nyuma.

Usidhani wakubwa hawajajaribu kutusaidia. Mwaka 2019 Ezekiel Mutua, aliyekuwa akiongoza Bodi ya Filamu, alitangaza kwamba Wamlambez ya Sailors na Tetema ya Rayvanny na Diamond Platnumz ni nyimbo za vilabu na baa tu. Kwa karatasi ulikuwa uamuzi safi. Lakini wimbo hausomi bango la kuwazuia walio chini ya miaka 18. Unapigwa klabuni kwa mujibu wa agizo, unaruka ukuta, na asubuhi unapanda matatu pamoja na wanafunzi kuelekea Daraja la Nyali.

Majirani zetu wa Kilifi na Kwale wamepigiwa marufuku disko matanga mara nyingi, kwa hoja kwamba zinawatoa wasichana shuleni na kuwarudisha nyumbani na mimba. Hoja hiyo siipingi. Ninachojifunza ni hesabu yake: wafiwa wakichangisha pesa za mazishi kwa muziki wa usiku, chifu huja na askari; mwenye baa akichuma faida kwa muziki uleule, huyo anaitwa mwekezaji.

Halafu, Mheshimiwa, kuna mtaala wako mpya. Januari 2026 Gredi ya 10 ya kwanza iliingia sekondari ya juu, na mpango wako unataka asilimia 60 wasome sayansi na teknolojia, 25 sayansi za jamii, na 15 sanaa na michezo, humo ndani ukiwemo muziki na densi. Kiembeni tuko tayari. Mombasa ndiyo iliyowatoa Them Mushrooms, Mombasa Roots na Ukoo Flani, na Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, kwa hivyo hakuna anayeweza kusema nchi hii haijui kwamba wimbo hufundishwa. Ila tafuta shule ya kutwa yenye mwalimu wa muziki, kinanda na chumba cha mazoezi, kisha hesabu spika zilizoko nje ya geti. Utaona ni nani anayefundisha somo hilo huku kwetu, na kwamba hata karo hatozi.

Ikiwa ofisi yako itaona ombi langu limekosa adabu, ninalo la pili, na ni nafuu kuliko kufuli. Tuletee mtu mmoja mwenye utepe wa kupimia mita 300 na kifaa cha kupimia desibeli. Aje Ijumaa saa nne za usiku. Wale waliotangulia kuja walikuja saa nne za asubuhi, wakaandika kwamba Kiembeni kumetulia.

Wako mtiifu,
Mzazi, Kiembeni.

Nakala kwa:
Bodi ya leseni za vileo ya kaunti, waiweke pamoja na zile nyingine.
NEMA, isomwe kwa sauti isiyozidi desibeli 35.
Didjei hajapelekewa nakala. Kazi yake ni kusikika.