Kifyonza vumbi cha shemeji

Hongera, shemeji, kwa kifyonza vumbi kisicho na waya. Pale Goma kinakufaa: makombo ya mandazi kwenye kiti cha gari, vumbi jeusi la volkano mlangoni. Sasa kilete Masisi. Njia ya kutoka Sake ni vumbi wakati wa kiangazi, na mvua ikinyesha ni tope la kumeza lori. Tutaona nani atamfyonza mwenzake. Chaji utajitafutia. Na madini ya vifaa kama hicho hutoka kwetu: migodi ya Rubaya, hapa Masisi, inakadiriwa kutoa asilimia 15 hivi ya koltani ya dunia, na mgodi wa Bisie kule Walikale hutoa bati la kulehemu saketi. Yaani udongo wetu huuzwa kwa kilo, halafu unarudi kwa madola, umekuwa mashine ya kuondoa udongo! Ukija, njoo na beleshi.