Jinsi ya Kufanya Harusi Kama ya Wenzako

Ukitaka kuoa au kuolewa Dar es Salaam bila kuitwa mshamba, kwanza acha kujiuliza unapenda nini. Hiyo ni kazi ya kamati.

Kamati iwe na mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na mjumbe mmoja asiyechangia hata senti ila ana neno kwa kila kitu. Kisha fungua grupu la WhatsApp na uwatie humo uliosoma nao, uliopanga nao, hata yule mliyeacha kusalimiana. Kila asubuhi mweka hazina abandike orodha ya ahadi, majina na tarakimu, ili asiyelipa aonekane na aliyelipa kidogo aonekane zaidi. Aliyeahidi elfu hamsini akumbushwe kwa upole kwamba hiyo ni kadi ya singo, na mkewe atakula ugali nyumbani.

Rangi ni rahisi: uliza waliooana mwezi uliopita walivaa ipi, uongeze dhahabu. Keki iwe ya ghorofa. Chini ya sukari likiwepo boksi, ni siri yako na mwokaji.

Penye kazi ni kwenye ndafu. Huyu mbuzi mzima wa kuchoma ni heshima ya Wachaga, na kwao ana maana yake. Wewe hutakiwi kuijua. Hata kama kwenu ni Lindi, na katika ukoo wenu hajapita Mchaga tangu enzi za Mjerumani, mbuzi aingie ukumbini amesimama wima, majani mdomoni, wapishi wakiserebuka naye. Bibi yako akiuliza mbona hakuna ngoma ya kwao, mwambie MC hana nafasi kwenye ratiba. Asogezewe soda.

Wewe mwenyewe tabasamu tu. Mpiga picha atakuelekeza uangalie wapi na mwenzako umshike vipi.

Kuna watu watakutajia Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Hiyo inadai taarifa siku 21 kabla, ridhaa yenu wawili na mashahidi wasiopungua wawili. Ukumbi haiutaji, mbuzi haimtaji. Wanaokwenda bomani asubuhi na mashahidi wao, mchana wakala pilau nyumbani, wapo. Usiwaige. Wale wakishaoana hawana deni la ukumbi, na grupu lao halina wa kudaiwa. Sijui jioni wanaongea nini.