Shem, Wimbo Haujaisha?

Sina ugomvi na Waingereza. Mvua yao nimeizoea, viazi vyao nimevisamehe, na siku hizi nikikanyagwa mguu kwenye basi ni mimi ninayeomba radhi. Aliyenishinda ni shabiki wa prog. Prog ni ile roki yenye nyimbo za robo saa, mapigo yasiyogawanyika kwa mbili na vinanda vinavyostahili kuwekwa makumbusho. Na katika wanaume wote wa Leicester, dada yangu akaolewa na mmoja wao.

Shemeji mwenyewe hana baya. Ugali anakula kwa mkono, dagaa hawaogopi, na mama akipiga simu kutoka Tanga anamwamkia vizuri kuliko baadhi yetu. Lakini ni shabiki wa Big Big Train, bendi iliyoanzishwa Bournemouth mwaka 1990. Mashabiki wake wana klabu yao rasmi inayoitwa Passengers Club, yaani wao ni abiria. Sasa abiria wa kwetu nauli anatoa akishakaa, na konda akizidisha safari hata kituo kimoja, gari zima linapiga kelele. Hawa wanalipa mapema, safari ikirefushwa wanashangilia, na hakuna anayetaka kushuka.

Mara ya kwanza alinipakia kwenye gari, akaweka “The Underfall Yard” ya mwaka 2009. Tukatoka mjini, tukaingia barabara kuu, tukapita kituo cha mafuta.

“Shem,” nikamuuliza, “wimbo haujaisha?”

“Haujaanza vizuri,” akajibu. “Hapo walikuwa wanafungua tu.”

Wimbo huo unakwenda karibu dakika 23, na habari yenyewe ni wahandisi wa zama za Malkia Victoria, akina Isambard Kingdom Brunel na reli zao. Sisi tuliokulia kwenye dansi urefu haututishi. “Mario” ya Franco na TPOK Jazz, ya mwaka 1985, ina karibu dakika 14 na sijawahi kuona mtu akiangalia saa. Lakini Franco alikuwa na adabu. Anakusimulia kisa cha kijana anayelelewa na mwanamke mwenye fedha, kisha magitaa yanachachamaa, sebene inakushika kiuno, subira yako inalipwa. Hawa ndugu zetu nikisubiri sebene wananiletea filimbi.

Halafu mambo wanayoimba! Waimbaji wengine duniani hutendwa na wapenzi wao, nasi tukafaidi. Big Big Train wameimba gari moshi. “East Coast Racer” ya mwaka 2013 inahusu Mallard, injini ya mvuke ambayo tarehe 3 Julai 1938 ilifikia kilomita 203 kwa saa, na mpaka leo hakuna injini ya mvuke iliyovunja rekodi hiyo. Wimbo unazidi dakika 15. Nimepiga hesabu: kwa mwendo ule, wimbo unapokwisha Mallard ingekuwa imekata kilomita 50 na abiria wameshateremsha mizigo. Injini yenyewe imehifadhiwa kwenye makumbusho ya reli ya York, na shemeji alitupeleka. Nimemwona mtu mzima, baba wa mtoto, analengwalengwa na machozi mbele ya chuma.

Wameimba pia mzamiaji. Kanisa kuu la Winchester lilikuwa linadidimia kwa sababu lilijengwa juu ya ardhi tepetepe, basi kati ya mwaka 1906 na 1911 fundi mmoja, William Walker, alizama kila siku chini ya kuta zake, gizani, akipanga magunia ya zege kwa kupapasa mpaka jengo likakaa sawa. Hapo nakiri kuna kisa. Na kitamu zaidi shemeji alinieleza tukiwa palepale kanisani: walipokuja kumtengenezea sanamu, mchongaji akapewa picha isiyo yake, akachonga sura ya mhandisi Francis Fox. Mtu kaokoa kanisa kwa mikono yake, shukrani ikaenda kwa bosi. Hilo ningeliimba hata mimi, tena kwa dakika tatu.

Njiwa je? Yupo. Ni Winkie, njiwa wa jeshi. Mwaka 1942 ndege ya kivita ya Waingereza aliyokuwamo ilianguka Bahari ya Kaskazini, naye akaruka karibu kilomita 200 mpaka nyumbani kwake Scotland, na wanajeshi wa ndege ile wakaokolewa. Alipewa nishani. Mwaka 2016 akapewa na wimbo. Shemeji huusimamisha katikati ili anieleze upepo siku ile ulikuwa unavumaje.

Kuna siku dada aliugua mafua, tiketi yake ya Big Big Train ikabaki, na kwa kuwa tiketi haitupwi nikapelekwa ukumbini mimi. Jamani. Ukumbi umejaa, bendi ina fidla, ina tarumbeta, inapiga kwa ufundi ambao siwezi kuubeza, na hakuna anayecheza! Watu wameketi, mikono kifuani, kila kichwa kinatikisika kwa saa yake. Bwana wa kulia kwangu alikuwa anahesabu mapigo kwa vidole: moja mpaka saba, moja mpaka saba, kisha ghafla tisa, akanigeukia kwa furaha kama nimemzalia mtoto. Nilipokohoa, safu tatu nzima ziligeuka kunitazama. Wakati wa mapumziko nikakuta ajabu nyingine: foleni ya choo cha wanaume inazunguka kona, cha wanawake hakina mtu. Miaka yote niliyoishi duniani sijapata kuona hivyo.

Kwenye foleni hiyo nilifundishwa habari za mellotron. Ni kinanda kilichoanza kutengenezwa Birmingham miaka ya 1960. Kila kibonyezo kina utepe wake wenye sauti ya fidla, filimbi au kwaya. Ukikibonyeza utepe unavutwa, na baada ya sekunde nane hivi umekwisha, lazima uachie. Sauti zote hizo leo zinaingia kwenye simu. Ukilisema hilo mbele yao nyuso zinabadilika kama umetukana marehemu.

Nikajaribu kuchangia mazungumzo kistaarabu. Nikasema Freddie Mercury alizaliwa Unguja mwaka 1946. Kosa. Ukazuka mjadala kama Queen ni prog: wengine wakasema albamu za mwanzo ndiyo, zilizofuata hapana, mwingine akasema hata hizo za mwanzo zina walakini. Mpaka tunarudi vitini, mtoto wa Unguja alikuwa bado hajapewa kibali.

Tuje kwenye fedha, maana hapa ndipo dada anapougulia. Albamu moja shemeji anainunua ya CD, kisha ya santuri, kisha ya santuri yenye rangi, kisha ile ya kusikilizia spika zilizokuzunguka kila upande. Yuko mwanamuziki anaitwa Steven Wilson, kiongozi wa Porcupine Tree, naye ana kazi ya pili: anachukua kanda za zamani za King Crimson, Yes na Jethro Tull, anazichanganya sauti upya. Basi wanaume wazima wanakwenda kununua tena albamu waliyokuwa nayo tangu shuleni, wanaketi sebuleni kusikiliza kama kinanda kimesogea kushoto. Shemeji anasema kimesogea. Dada anasema kilichosogea ni pesa ya zulia.

Na wako waliowazidi. Mashabiki wa Marillion, bendi ya Aylesbury, mwaka 1997 walisikia bendi yao haina fedha za kwenda kupiga Marekani. Wakachangishana kwenye intaneti, zikapatikana kama dola 60,000, bendi ikasafiri. Bendi nayo ikapata akili: kwa albamu iliyotoka mwaka 2001 ikawaomba mashabiki walipe kabla haijarekodiwa, na zaidi ya watu 12,000 wakalipa. Sisi kwenye taarabu tunamtunza mwimbaji, sawa, lakini angalau ameshafungua mdomo. Hawa wametunza ukimya.

Hata hivyo nitasema lililo haki. Novemba 2021 mwimbaji wa Big Big Train, David Longdon, alifariki baada ya ajali. Siku ile shemeji hakuweka muziki wowote. Alikaa jikoni, dada akampikia uji, na mimi nikafunga mdomo wangu. Mwaka uliofuata bendi ikamleta Mwitaliano, Alberto Bravin. Mpiga ngoma ni Mmarekani, mpiga gitaa mmojawapo ni Mswidi, na aliyebaki tangu siku ya kwanza ni Greg Spawton peke yake. Nilidhani abiria watagoma, maana nani atamwachia mgeni aimbe reli na njiwa wa Waingereza? Hawakugoma. Walikwenda ukumbini, wakakunja mikono, wakahesabu, wakakuta mapigo yametimia, wakanunua santuri.

Nyumbani hali inazidi kuharibika. Mpwa wangu anajifunza kuhesabu, na akifika saba anarudi kwenye moja. Dada naye juzi nimemsikia akiosha vyombo huku anapiga mluzi wa ile sehemu ya tarumbeta.

Kwa hiyo ndugu msomaji uliyeko Uingereza, ukialikwa chakula na bwana mwenye ndevu za mvi na fulana ya bendi usiyoijua, akakuuliza kama unapenda muziki, usimjibu haraka. Muulize kwanza ni wa dakika ngapi. Akicheka, kaa mle. Akianza kupiga hesabu, chukua koti lako.