Sifa za Rejeta Inayovuja

Wenzangu wamesifu kahawa ya Karagwe na ndizi za Kyerwa mpaka wino ukawaishia. Mimi naisifu rejeta inayovuja. Kati ya Omurushaka na Murongo hakuna kifaa kinachotukanwa kuliko hicho, wala kinachoonewa hivyo.

Kuvuja kuna ukoo mkubwa huku. Speke na Grant, wapelelezi waliokuwa wakitafuta chanzo cha Nile, waliwasili kwa Rumanyika, mtawala wa Karagwe, Novemba 1861. Januari iliyofuata Speke akashika njia ya Buganda. Grant akabaki, maana mguu wake ulikuwa na kidonda kinachovuja usaha na hakuweza kutembea. Hakutoka mpaka Aprili. Aliyewahi alikwenda kujitwalia sifa ya Nile. Aliyevuja akapata nafasi ya kuwatazama Wanyambo na ng'ombe wao wenye pembe ndefu, kisha akayaandika aliyoyaona katika kitabu chake cha 1864. Kwa hiyo abiria uliyekwama Nkwenda, mlango wa Noah umeachwa wazi na konda anatafuta ndoo, usinung'unike. Uko kwenye nafasi ya mwanajiografia.

Rejeta haisengenyi mtu. Maneno yake huyatoa hadharani. Kulanti, yaani maji ya kupoozea injini, imetiwa rangi, na ikikauka huacha ukoko kwenye klipu ya mpira au kwenye kona ya rejeta, hivyo fundi mwenye macho huona ilipopita hata kama injini imepoa tangu jana. Pampu ya maji nayo ina kitundu kidogo ambacho kiwanda kilikitoboa makusudi, ili sili ikichoka maji yatokee nje kabla hayajaharibu beringi. Wapo wanaokiziba kwa gundi. Hao wamemfunga shahidi mdomo, na kesi bado inaendelea.

Gereji yenye kipimo cha shinikizo hukifunga mahali pa mfuniko injini ikiwa baridi, hupampu kwa mkono hadi kiwango kilichoandikwa juu ya mfuniko, kisha hutazama mshale. Ukishuka, maji yana njia ya kutokea. Isiyo na kipimo hulaza boksi lililokunjuliwa chini ya gari usiku kucha. Asubuhi doa linasema ni upande gani. Zulia la mbele likilowa, mshitakiwa ni hita, kifaa ambacho wengi hawajui kama wanacho.

Wa kuogopwa ni uvujaji wa siri, ule unaofanya kazi usiku na kuvaa suti mchana. Gasketi ya silinda hedi ikiungua, chini ya gari panabaki pakavu kabisa, na mwenye gari anatamba kwamba lake halivuji. Ndani, maji yanaingia kwenye oili mpaka inageuka rangi ya chai ya maziwa, ekzosi inatoa moshi mweupe, na rejeta inatoa mapovu injini ikinguruma. Hapo hedi inafunguliwa, na bei yake humfanya mtu aikumbuke rejeta yake kwa mapenzi.

Tena rejeta hufundisha fizikia bila ada. Kayanga iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na huko maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Mfuniko mzima wa rejeta hubana shinikizo na kuyazuia yasichemke mpaka yavuke nyuzi 110. Ukilegea, gari lililotoka Kyaka likiimba linakohoa kwenye kilima cha kwanza likiwa na mzigo. Mfuniko ni bei ya nauli, lakini mwenye gari atabadilisha kwanza stika ya kioo.

Na anavyolipwa huyu msema kweli ni aibu. Wanamng'olea thamostati, ndipo injini inachelewa kupata joto na kunywa mafuta zaidi. Wanammwagia unga wa kuziba, unaoziba tundu moja na vijia kumi vya hita. Wanamnywesha maji ya bondeni yenye tope, kisha wanashangaa anatapika kutu.

Abiria mwenzangu, mtetee. Dereva akitaka kuufungua mfuniko mara tu gari linapochemsha, mshike mkono. Asubiri bomba la juu liguswe bila kuunguza, maana mvuke huo ukitoka huvua ngozi ya uso.