Kozi Imepumzishwa

Mwaka 2017 Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ilivizuia vyuo vikuu 19 kudahili wanafunzi wapya. Angalau ilisema wazi. Siku hizi vyuo binafsi vina adabu zaidi: kozi haifutwi, "inapumzishwa". Historia imepumzishwa, Falsafa imepumzishwa, na mhadhiri naye kapumzishwa, mshahara wa miezi kadhaa ukimsubiri ahadini. Ofisi ya masoko tu ndiyo haichoki. Imefika hadi Chitete, wilayani Momba, ikabandika bango: "Nafasi bado zipo!" Tunaamini, maana ndizo zilizojaa darasani.

Wazazi wa Momba wakapigia ada hesabu kwa magunia ya ufuta, kisha wakakumbuka Tunduma, mpakani na Zambia, ambako kijana anabadili kwacha kutwa nzima bila shahada ya Uchumi. Chuo kikaahidi kozi mpya, Ujasiriamali. Atafundisha nani? Labda huyohuyo wa kwacha, kama hatakuwa na wateja.